Filamu ya Zamani Inashuhudia Nini?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 13:1–4, Matendo 17:10–12, 1 Yohana 4:1

 

Leo tunasema juu ya jambo linaloingia kila nyumba kwa njia ya simu. Unatumiwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye mikwaruzo. Mhubiri amesimama, wagonjwa wamepanga mstari, na sauti ya Kiswahili au ya Kifaransa inaeleza kwamba huyu ndiye nabii wa wakati wa mwisho. Kisha unaambiwa: umeona kwa macho yako, unangoja nini? Kuna anayehama kanisa juma hilohilo. Kuna anayesema, "Ni mashine imetengeneza," akaifuta. Wote wawili wamekata hukumu bila kuuliza.

Wapendwa, maswali ni mawili, na tusiyachanganye. La kwanza: filamu hii ni ya kweli? La pili: hata ikiwa ya kweli, inashuhudia nini?

Tumchukue mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina, William Branham. Alizaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1909, akafa Desemba 1965 baada ya ajali ya gari. Kongo yetu ina makanisa mengi yanayofuata mafundisho yake, yanayoitwa ya Ujumbe. Watu wa Ujumbe ni majirani zetu, tunazikana nao. Hatuko hapa kuwatukana. Branham alipigwa filamu miaka ya 1950 akiombea wagonjwa, na filamu hizo zipo. Anayesema kwamba kila picha yake ni ya bandia anasema asichokijua, na huo pia ni ushuhuda wa uongo.

Lakini sikieni habari ya picha yake iliyo maarufu kuliko zote. Ilipigwa Houston, Texas, Januari 1950, ndani ya ukumbi mkubwa. Juu ya kichwa chake unaonekana mwanga. Watu walipobishana, negativu ilipelekwa kwa George Lacy, mtaalamu wa kuchunguza hati zenye mashaka. Akaandika kwamba negativu haikuguswa, kwamba picha mbili hazikuunganishwa, na kwamba mwanga uliipiga kweli. Alisimama hapo. Hakuandika mwanga ulitoka wapi, kwa maana kazi yake ilikuwa kupima negativu. Lakini watu wakaichukua karatasi yake kama muhuri juu ya mafundisho yote ya Branham, hata yale ya uzao wa nyoka, ambayo makanisa mengi ya Kipentekoste yaliyakataa.

Mnaona hatua iliyorukwa? Swali la kwanza lilijibiwa, la pili likaonekana limejibiwa pamoja nalo.

Hapa karibu pia, mwezi wa Juni 1988, mtu mwenye kanzu nyeupe na ndevu alitokea katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, Kawangware, Nairobi. Gazeti la Kenya Times likatoa habari na picha, na kuna waliosema ni Yesu. Mtu alisimama pale kweli. Kosa lilikuwa katika jina alilopewa. Bwana alikuwa ametuonya mapema, katika Mathayo 24, tusiwakimbilie wanaosema Kristo yuko hapa au kule.

Sasa turudi kwenye Kumbukumbu la Torati 13. Musa anataja nabii ambaye ishara yake inatimia kabisa. Haikughushiwa. Hata hivyo, akiwavuta watu waiache njia ya Bwana, wasimsikilize. Basi, ikiwa ishara ya kweli haitoshi, filamu ya ishara itatoshaje? Filamu inaonyesha mgonjwa akitupa fimbo yake. Haionyeshi kama mwezi uliofuata alikuwa bado anatembea.

Mama anayenunua maharage ya Masisi hatazami chukudu iliyoyaleta. Anafungua gunia, anaingiza mkono mpaka chini. Fanyeni hivyo.

Uliza kwanza: nani alipiga, wapi, mwaka gani, na nani aliitunza? Ukiletewa filamu inayosemwa ni ya Simon Kimbangu akihubiri, kumbuka kwamba alihubiri miezi michache tu ya mwaka 1921, akakamatwa Septemba, akakaa gerezani hadi alipofariki Élisabethville, Oktoba 1951. Katika miezi ile ya kuwindwa na serikali ya Wabelgiji, nani alimfuata na kamera? Na ukiambiwa ni ya mwaka 1935, jibu unalo: alikuwa amefungwa.

Uliza tena juu ya sauti. Filamu zenye sauti zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920. Na Kiswahili unachokisikia kimewekwa baadaye. Je, kinasema alichosema mhubiri? Uliza imekatwa wapi, maana dakika mbili si mkutano mzima. Wala mikwaruzo isikudanganye. Mashine za leo zinaweza kumtengenezea filamu mtu ambaye hakupigwa filamu hata siku moja, na mikwaruzo zikaiweka.

Usipopata majibu, usitume. Mega zako zisibebe usichokijua.

Tunasema haya kwa uchungu, kwa sababu kuna uhai ndani yake. Mgonjwa wa kisukari, au anayekunywa dawa za ukimwi, akiona filamu na kuacha dawa, hatarudishwa na aliyemtumia. Na katika mji huu uliochoka na vita, video ya zamani ikipewa tarehe ya leo inaweza kukimbiza familia usiku, watoto mgongoni.

Kipimo hiki kitupime na sisi. Video ya muujiza kutoka kanisa letu nayo iulizwe: huyu aliyepona ni nani, anaishi wapi, daktari alisema nini kabla na baada? Mungu anaponya hata leo, tunaamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo maana kazi yake haihitaji kusaidiwa na uongo. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko, na Biblia inawasifu. Mchungaji anayekasirika akiulizwa amejiweka juu ya Paulo.

Juma hili, wababa na wamama, keti na vijana wako. Fungueni simu, chagueni video moja mliyoipokea, mwiulize maswali haya, kisha msome 1 Yohana 4 pamoja.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ni kweli. Utupe macho ya kupambanua na ndimi zisizoshuhudia uongo. Linda wagonjwa wetu, linda mji wetu. Amina.