Hotuba ya Mwenyekiti: Kuwaandikisha Watoto Wetu Darasa la Awali



Historia ya kikundi mmeisoma kurasa za mbele, katibu wetu ameiandika vizuri, sina haja ya kuirudia. Mimi nimeomba nizungumzie jambo moja tu ambalo kila aliyewahi kushika daftari la mikopo analijua. Kila ifikapo Januari sanduku letu linakauka. Ukiuliza hela imekwenda wapi, si kwenye mchele wala viazi. Imekwenda shule, na sehemu kubwa si sekondari, ni kwa hawa wadogo ambao hata kamasi hawajajua kujifuta.

Sisi wa umri wangu tuliandikishwa kwa mkono. Unasimama mbele ya mwalimu, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto umeshakua, ingia darasa la kwanza. Usipogusa, rudi nyumbani, njoo mwakani. Cheti hakuna aliyekuuliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilitaka mtoto wa miaka saba aende shule, lakini hiyo miaka saba yenyewe ilipimwa kwa sikio!

Baadaye mambo yakabadilika, tena si mara moja. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliweka madarasa ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita, halafu darasa la kwanza kwa miaka saba. Sera ya mwaka 2014 ikafanya awali kuwa ya lazima, si chini ya mwaka mmoja. Kisha likaja toleo la 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025: awali mwaka mmoja, mtoto akiwa na miaka mitano, na darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Sasa angalieni nyumbani kwetu. Bibi anaelekeza kwa utaratibu wa zamani, jirani anaelekeza kwa ule wa katikati, mwalimu mkuu anafuata wa sasa, na mama katikati anazunguka na mtoto mkononi. Nawaombeni jamani, habari ya umri muulizeni mwalimu mkuu mwenyewe, tusiulizane bombani.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu niseme habari yake bila kumtaja. Alimpeleka mwanawe awali akiwa na miaka minne, akaandikisha kuwa ana mitano. Mtoto akawa analala darasani, penseli haishikiki, mwisho akarudia mwaka. Hilo lingekwisha. Lakini tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa shuleni ikawa haifanani na ya kwenye cheti, na siku hizi habari za mwanafunzi wa shule ya msingi zinaingizwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, ule wanaouita PReM, zinamfuata mpaka kwenye mtihani na hata akihama shule. Kurekebisha ni nauli, ni kiapo, ni kuacha genge siku tatu.

Wengine mtasema mama yule alikuwa na tamaa. Mimi sisemi hivyo. Mama yule anauza ndizi, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hana mtu wa kumwachia mtoto. Tuseme kweli, wengi wetu tunaposema tunatafuta shule ya mtoto wa miaka mitatu au minne, tunatafuta pa kumwacha. Ndiyo maana umri tunaongeza. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na tukiyachanganya anayeumia ni mtoto na mfuko wetu.

Hata Serikali imeyatenganisha. Darasa la awali liko chini ya elimu, na shule za msingi za Serikali wanalo. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya Ustawi wa Jamii, nacho kinapaswa kusajiliwa. Kuna nyumba zimechorwa katuni ukutani, zimeandikwa shule, ukiuliza usajili unaambiwa mwenye nyumba kasafiri. Kabla ya kutoa hela, ombeni kuona cheti cha usajili, mkajue mnalipia shule au mnalipia malezi. Malezi si jambo baya, ila yasiuzwe kwa bei ya shule.

Kuhusu ada nitapita haraka maana mnajua. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada, na awali imo. Sare, madaftari na kalamu ni juu yetu. Wanaopenda shule za binafsi za Kiingereza siwakatazi, wapo watoto wa kikundi hiki wamesoma huko na wamefanya vizuri. Lakini kuna hela ya fomu, kuna usaili wa mtoto kutaja rangi kwa Kiingereza, kuna sweta la shule, kuna basi. Mtoto wa miaka mitano haongezewi akili na basi la njano. Tuseme umekopa laki tatu kwa riba ya asilimia kumi, unarudisha laki tatu na elfu thelathini, na muhula wa pili unakungoja palepale mlangoni. Na wale waliokuwa wanafikiria bweni wajue kwamba mwezi Machi 2023 Kamishna wa Elimu alifuta bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mimi nilishangilia, sikuficha.

Cheti cha kuzaliwa nacho tusikingojee siku ya kuandikisha. Hapa kwetu Mbeya tulikuwa wa mwanzo, mwaka 2013, RITA walipoanza kuwasajili watoto chini ya miaka mitano kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, bila malipo. Mtoto akishapita miaka mitano unapelekwa wilayani na kuna malipo. Kwa hiyo siku ya kliniki ndiyo siku ya cheti. Na jina mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka, maana baba anaandika la ukoo, mama la dini, bibi ana lake, kisha shuleni anaitwa Baraka.

Kamati imekaa na tumekubaliana mambo haya. Mkopo wa elimu utatolewa Oktoba, wakati uandikishaji wa shule za Serikali unapoanza, badala ya Januari tunapogombania sanduku. Anayeomba kwa ajili ya mtoto wa awali alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho katibu msaidizi ataongozana naye ofisi ya kata. Mkopo wa shule ya binafsi utaendelea, ila mwombaji aeleze muhula wa pili na wa tatu atalipa kwa nini.

Hilo la pa kuwaacha watoto hatuliwezi peke yetu, na ndilo nililokuwa nalingojea siku ya leo. Wanachama kumi na mmoja wana watoto ambao hawajafika umri wa awali. Wawili kati yetu wamekubali kulea kwa zamu, na mfuko wa jamii utanunua mikeka na sufuria ya uji. Afisa ustawi wa jamii tumeshamwona, ametueleza masharti: choo, maji, uzio, na mlezi aliyepata mafunzo. Kilichobaki ni mahali. Ndugu Mgeni Rasmi, nyuma ya soko kuna vyumba viwili vya kata ambavyo havitumiki. Barua yetu ya maombi imo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa sasa hivi pamoja na zawadi ya mchele.