Usitupe Mfuko

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye baraza la wadi



Mfugaji ananunua mfuko ulioandikwa chakula cha ng'ombe wa maziwa, kilo 70, protini asilimia 16. Baada ya wiki moja, ng'ombe aliyekuwa akijaza ndoo anatoa nusu yake. Mfugaji anarudi dukani kulalamika. Swali la kwanza: mfuko uko wapi? Mfuko umeshakuwa pazia la banda la kuku.

Sheria ipo. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, inampa mkaguzi uwezo wa kuchukua sampuli ipimwe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Kesi huanguka kwa kukosa ushahidi.

Mchanga kwenye omena huonekana. Yurea haionekani. Walaghai huitia kwa kuwa kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni, na yurea imejaa naitrojeni. Lebo inasema kweli kwenye mashine, inadanganya kwenye zizi! Ng'ombe mkubwa hustahimili kiasi kidogo. Ndama hanufaiki nayo, na ikizidi huua. Kwa hiyo ng'ombe akitetemeka, akitoa mate mengi au akivimba tumbo baada ya kula, mwite daktari wa mifugo mara moja, kisha mkaguzi aelezwe dalili hizo ili maabara ijue la kutafuta.

Mfuko uliofunguliwa una udhaifu mahakamani: muuzaji atadai mfugaji alichanganya mwenyewe. Dawa yake ni lebo. Namba ya toleo na tarehe humwelekeza mkaguzi kwenye mifuko mingine ya toleo lilelile, ingali imeshonwa dukani. Kikundi kinachonunua kwa pamoja kiache mfuko mmoja bila kufunguliwa hadi ng'ombe waonyeshe matokeo.

Anayepimiwa kwa gorogoro hana lebo wala, mara nyingi, risiti. Ni nafuu kwa siku hiyo, lakini akidhulumiwa ni vigumu kumsaidia.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS, kisha tuma SM# na namba ya kibali iliyo chini yake kwenda 20023. Mfuko upimwe kwenye mizani. Ukiwa na shaka, chukua risiti, lebo na chakula kilichobaki, umpelekee afisa wa mifugo wa wadi kabla toleo hilo halijaisha dukani.