Mstari wa Funestus: Kuhifadhi Grafu Zisomeke Zikichapwa

Grafu ninayoizungumzia ina mistari miwili ya spishi mbili za mbu walionaswa katika vijiji vya bonde la Kilombero: arabiensis yuko juu, funestus chini kabisa, karibu na mhimili. Wanaofanya utafiti wa malaria hapa Ifakara wanajua kwamba huyo wa chini, ijapokuwa ni mchache, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Niliichapa kwenye bango, mstari wake ukazama ndani ya mhimili, ukawa ukungu wa kijivu. Watu walikesha wakilinda mitego ya taa, na jambo kubwa walilolipata halikuonekana.

Kosa nililifanya wakati wa kuhifadhi. Amri ya png katika programu ya R, usipoielekeza, hutoa picha ya pikseli 480 kwa 480. Kwenye skrini inapendeza. Lakini jarida la kisayansi kwa kawaida hutaka nukta 300 kwa kila inchi, tena katika upana ule ule itakaochapwa nao picha. Safu ya milimita 85 inahitaji takribani pikseli 1,000. Ukiivuta picha ndogo iwe kubwa, unazinenepesha pikseli zilezile tu.

Hapa ndipo wengi tunaponaswa. Tukiambiwa tuongeze ubora, tunaweka 300 na kuiacha 480 palepale. Herufi zinavimba na kuimeza grafu, au R inagoma kuchora ikidai pambizo ni kubwa mno. Fanya hesabu: 480 ukigawanya kwa 300 unapata inchi 1.6, yaani kama sentimita 4. Umeomba grafu ya ukubwa wa stempu! Kwa hiyo taja kwanza upana na urefu kwa milimita, ndipo uweke 300. Kwa matplotlib ya Python pia taja upana na urefu, ila kwa inchi, ndipo uweke 300. Yenyewe huanza na pikseli 640 kwa 480.

Kwa grafu za mistari mimi nashauri PDF au SVG, kwa sababu faili hizo hutunza maelekezo ya kuchora, hivyo hata bango la mita moja hutoka safi. Ila ramani yenye nukta laki kadhaa itachelewa mno kufunguka. Hiyo ihifadhi kwa PNG. JPEG tuwaachie wenye kamera: huikata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani, ndiyo maana kingo za herufi huonekana zimechafuka.

Faili nzuri inaweza kuharibikia njiani pia. Ukiituma WhatsApp kama picha, itabanwa. Itume kama dokyumenti. Word nayo hubana picha unapohifadhi, mpaka uizuie kwenye mipangilio.

Kabla ya kulipia bango, chapa kipande chake kwenye A4 kwa ukubwa halisi, kibandike ukutani, urudi nyuma hatua tatu, kisha umtafute funestus.