Filamu za zamani tutazisafisha hapa hapa Runingu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, tumeyaandika kwa wale ambao hawakufika)



Wengi wameuliza: shirika la watu waliotoka ukimbizini, lenye shida ya mbegu na mabati, linatafuta nini katika picha za zamani? Swali ni la haki.

Kila mmoja anajua alibeba nini mwaka 1996. Mtoto mgongoni, sufuria kichwani, basi. Albamu ilibaki nyumbani. Waliovuka ziwa wakaishi Lugufu na Nyarugusu, na wale waliokaa Burundi, walirudi na karatasi za kambi, lakini uso wa baba hawakurudi nao. Na waliofaulu kuficha picha, maji ya Mulongwe yalizikuta nyumbani kule Uvira, Aprili 2020.

Kwa hiyo familia ya mpiga picha mmoja wa zamani ilipotuletea mfuko wa negativu, pamoja na filamu chache ambazo hazijasafishwa hata siku moja, tulijua si kitu cha kuchezea. Mle ndani kuna wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla hakijasimama. Kuna ndoa, kuna komunyo ya kwanza, kuna watu wamesimama mbele ya nyumba zao. Na hapa kwetu, nyumba iliyo nyuma ya mtu katika picha si jambo dogo. Picha peke yake haimpi mtu kiwanja. Lakini wazee wakikaa kusikiliza maneno ya mpaka, ule mwembe na ule ukuta unaoonekana unaamsha ushahidi uliokuwa umelala. Mama mmoja alipotazama negativu kwenye mwanga wa dirisha alisema tu: «Kumbe baba alikuwaka na nywele mingi vile!» Akakaa chini.

Tukumbuke pia kwamba baada ya 1994, watoto waliopotezana na wazazi katika kambi za Kivu walipigwa picha mmoja mmoja, picha zikabandikwa ili watu wapite wakitazama. Mtoto wa miaka miwili hajui jina la kijiji chake. Uso wake ndio ulisema.

Kuna wafadhili waliotoa wazo tutume mfuko wote Ulaya, ukashughulikiwe na mashine nzuri. Tunasema asante, lakini hapana. Negativu ni moja tu. Ikipotea njiani, hakuna nyingine. Na tena, katika picha zile kuna mwenye sare ya jeshi la zamani, kuna mwanamke amesimama na mume ambaye si huyu wa leo. Mnacheka, lakini mnajua ni kweli. Mwenye picha aione kwanza, ndipo aseme kama wengine wataiona. Hakuna picha itakayowekwa kwenye intaneti bila familia kukubali.

Sasa kazi yenyewe. Giza tunalo bure: usiku, chumba bila dirisha, blanketi kwenye mlango. Filamu inaingizwa kwenye tanki lake kwa kupapasa tu. Taa nyekundu ile mnayoiona kwenye sinema ni ya karatasi za picha. Filamu hizi zinaiona pia, zinaharibika. Tanki likishafungwa, hata taa ukiwasha hakuna neno.

Shida yetu kubwa ni joto. Vitabu vya wenye viwanda vinahesabu kwa maji ya digrii 20, na maji yetu mchana yanapita 25. Dawa ikiwa moto inafanya kazi haraka mno. Dawa yao wa kwanza tuliupata jikoni: mtungi wa udongo, kivulini, penye upepo. Filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, inahitaji dakika 13 kwa digrii 20; kwa digrii 24 ni kama dakika 9. Kisha maji, kisha dawa ya kukaza, ile wapiga picha wanaita fiksateri, na hapo picha haiogopi tena mwanga.

Kuosha hakuhitaji bomba linalotiririka. Jaza tanki, ligeuze mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20. Wamama wanaoteka maji mbali walifurahia sana hesabu hii. Filamu tunaianika ndani, sakafu tukiinyunyizia maji kwanza, juu vumbi la kiangazi likishika filamu mbichi halitoki tena.

Fiksateri iliyotumika haimwagwi mtoni, hata kidogo. Inabeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, na mto Runingu tunauoga na tunaunywesha mifugo. Itakaa kwenye bidoni lenye alama, mbali na watoto.

Vijana wanajifunza kwa filamu mpya. Zile za mzee zitakuwa za mwisho, maana filamu iliyokaa miaka mingi kwenye joto inatoka na ukungu, na hairudiwi mara ya pili.

Kuskani ni rahisi zaidi. Simu moja inatoa mwanga mweupe, negativu inainuliwa kidogo juu ya kioo kwenye fremu ya katoni nyeusi, simu ya pili inapiga kutoka juu, imefungwa isitikisike. Programu inageuza cheusi kuwa cheupe. Kama maandishi kwenye shati yanasomeka kinyume, umeweka upande usio wake. Namba ya picha inaandikwa kwenye kaye pamoja na majina, na negativu inarudi kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki.

Tunahitaji kipimajoto, glavu na bahasha. Mashine kubwa bado.

Mwenye negativu zilizolowa na kushikana asizibandue kwa nguvu wala kuzianika hivyo hivyo. Aziweke katika maji safi ya baridi, atuletee siku hiyo hiyo. Wenye picha za Kiliba waje Jumamosi mchana na mzee mmoja anayekumbuka majina.