Kilichowadumaza Nguruwe Wangu
(Hotuba iliyotolewa Mtendeni, Tabora, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mlioketi nyuma,

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi niliyoianza baada ya kustaafu, yaani ufugaji wa nguruwe. Nakaa hapa hapa Mtendeni, na majirani zangu wengi ni Waislamu, kwa hiyo banda nimelijenga mbali, njia ya Tumbi. Mwenyekiti anacheka, yeye ndiye aliyenishauri.

Mwaka 2019 niliwaachisha kunyonya watoto 11, wakiwa na majuma manane. Niliwapa unga wa mahindi na mashudu ya alizeti, wakala wakashiba. Baada ya miezi miwili walikuwa vichwa vikubwa, migongo imetokeza, manyoya yamesimama. Hakuna aliyetaka kuwanunua. Pesa ile ilikuwa kiinua mgongo changu, na ada ya mjukuu ilikuwa ndani yake.

Kosa lilikuwa langu. Protini hujengwa kwa asidi za amino, na katika mahindi inayopungua kwanza ni lisini. Wapagazi wa zamani waliotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo wangenielewa upesi: msafara hauendi kasi kumpita aliye dhaifu. Lisini ikiisha, asidi nyingine hazijengi nyama. Mwili huzichoma, na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Kilo moja ya mahindi ina lisini kama gramu 2.5. Mtoto wa nguruwe wa kilo 7 hadi 11 huhitaji zaidi ya gramu 13 katika kila kilo ya chakula. Mashudu ya alizeti nayo hayafiki huko.

Basi nikaagiza dagaa wa Kigoma. Gunia la kwanza lilikuwa na mchanga tele! Vijana, kabla ya kulipa, tieni dagaa waliosagwa katika glasi ya maji mkoroge. Mchanga huzama upesi. Soya pia ni nzuri, ila ikaangwe kwanza, kwani mbichi huzuia protini isimeng'enywe.

Iko pia lisini ya unga, inayotengenezwa kwa bakteria. Wajapani waliianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi hutia gramu 3 kwa kilo, nikapunguza dagaa kidogo, maana bei yao haishikiki. Naipima kwa mizani, si kwa kijiko.

Kundi lililofuata lilinunuliwa lote. Hasara ya kwanza sijaifidia yote, lakini ada imelipwa.

Mwenye swali aulize. Anayetaka bei ya nyama ya Krismasi tuonane nje.