Mtoto Aliyekata Tamaa Anahitaji Mtu wa Kukaa Naye

(Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, Reading, Uingereza)

 

Leo nawazungumzia watoto ambao hatuwataji tukikutana: wanaofeli, na ambao wameanza kuamini kwamba kufeli ndiyo hali yao.

Msimu huu shule nyingi zinafanya mitihani ya majaribio ya GCSE. Alama ni 9 mpaka 1, na kufaulu ni kuanzia 4. Asiyeipata katika Kiingereza au hisabati hulazimika kuendelea na somo hilo akiwa chuoni. Tena hisabati ina ngazi mbili: aliyewekwa ya chini hapati zaidi ya 5, hata akipatia kila swali.

Binti mmoja wa hapa kwetu alikuja kutoka Tanga akiwa na miaka 13, amemaliza darasa la saba kwa Kiswahili. Hesabu alikuwa anaziweza. Huku akapata 2. Akaacha kunyoosha mkono darasani, kisha akaacha hata kufungua daftari. Nyumbani wakamwita mvivu.

Mama mmoja wa jumuiya, muuguzi, akaanza kukaa naye saa moja kila Jumamosi. Hakuanza na kitabu cha darasani. Alimwuliza kwa Kiswahili: robo tatu jumlisha moja ya sita ni ngapi? Binti akatafuta kigawe kidogo cha shirika, 12, akaandika 11/12. Kumbe anajua! Kilichomshinda ni lugha ya swali.

Wakatengeneza daftari la maneno: asili, kiasi, pembetatu, kila neno na Kiingereza chake. Kila Jumamosi walianza na hesabu anazoziweza, wakamalizia na moja inayomsumbua. Akikosea, aliulizwa tu, "Umefikaje hapo, mwanangu?" Baada ya miezi miwili akanyoosha mkono darasani. Mwishowe alipata 5. Si muujiza, lakini alipokelewa kwenye kozi aliyoitaka.

Ndugu zangu, tuisheni inaongeza masomo. Mtoto aliyevunjika moyo anahitaji kwanza mtu anayemjua, atakayetafuta mahali pa mwisho alipoelewa, na kuanzia hapo. Huhitaji kuwa mwalimu. Unahitaji kuja kila wiki bila kukosa, maana mtoto aliyezoea kuachwa anahesabu siku ulizokosa.

Wazee mtakumbuka mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Hawakungoja kila kijiji kipate mwalimu mwenye cheti.

Kutoka leo mpaka mitihani ya Mei ni miezi mitano. Tukutane maktaba au ukumbini, mahali pa wazi, mzazi akijua, na kila mlezi awe amepitia ukaguzi wa DBS. Wanaofanya kazi za zamu wanaweza kushirikiana wawili kwa mtoto mmoja, wakipeana taarifa.

Katibu ana daftari. Mzazi, andika jina la mwanao bila aibu. Na wewe mwenye saa moja kwa wiki, andika lako.

 Uhuru na Umoja!