Msumari Kwenye Rafadha

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Marko 1:16-20 na Marko 7:9-13)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kutengeneza kitu kilichoharibika safarini, mahali pasipo na fundi wala duka. Kwetu Nyanza kazi hii twaijua sana. Gari la samaki likitoboka tangi kabla ya kufika Kisumu, dereva huomba kipande cha sabuni, akakisugua penye tundu mpaka petroli ikaacha kudondoka. Gurudumu likipasuka, nalo la akiba halipo, hujazwa majani makavu, gari likaenda polepole kama mgonjwa. Wavuvi wetu hukata champali kuukuu zikawa maboya ya wavu, na mawe yakawa vizito vyake. Wala si sisi tu. Meli ile William Mackinnon iliundwa Scotland mwaka 1890, ikasafirishwa vipande vipande, nayo ikashushwa majini hapa Kisumu mwaka 1900. Wakati huo reli ilikuwa haijafika bado; ilifika mwaka uliofuata. Nadhani watu wale nao walikosa misumari mingi.

Je, kuunga-unga namna hii ni kukosa imani? Hapana. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Dhoruba ilipowashika, mabaharia walipitisha kamba chini ya meli wakaikaza kuizunguka, ili mbao zisiachane. Mtume Paulo alikuwa abiria humo, wala hatusomi kwamba aliwakemea. Kamba ile ilikuwa kamba ya kweli kwa hatari ya kweli, na kila mtu melini aliiona.

Lakini iko namna nyingine ya kuunga-unga, nami niliiona mwaka 1984.

Nilikuwa nimekwenda kisiwani Mfangano kubatiza na kushiriki meza ya Bwana pamoja na ndugu wa huko. Mashua iliyonichukua kutoka Mbita ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa kuheshimiwa, mkarimu, ambaye hakosi ibada. Hakuninitoza nauli. Tulipokaribia kisiwa, rafadha ikagonga mwamba. Injini ikalia kwa sauti kubwa, lakini mashua haikwenda.

Wale wanaojua injini hizi watanielewa. Rafadha hushikwa kwenye mhimili wake na kijipini kidogo, nacho ni laini kwa makusudi. Ikigonga jiwe, pini hukatika, na meno ya gia yaliyo ndani husalimika. Mwenye busara hubeba pini za akiba. Mzee alikuwa amekwisha kuzimaliza. Basi akatwaa msumari wa chuma, akaukata kwa koleo, akautia mahali pa pini. Kijana aliyemsaidia akasema kwa adabu, "Baba, msumari huu ni mgumu mno. Hautakatika." Mzee akacheka, akajibu, "Ndiyo sababu ninautia."

Tukafika. Tukaabudu. Sikufikiri tena habari ya msumari.

Kesho yake alasiri tulirudi, watu kumi na mmoja pamoja na mizigo na kuku wawili niliopewa. Hatukwenda mbali. Rafadha ikagonga tena, pengine mwamba ule ule. Msumari haukukatika, kama mzee alivyosema. Zilizokatika ni gia. Tulisikia ndani ya injini sauti kama ya mtu anayesaga mawe, kisha kimya.

Ninyi wa pwani ya ziwa mwajua upepo wetu. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu; usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua lilikuwa limeinama. Kila mmoja wetu alifanya hesabu ile ile kimoyomoyo: upepo ukigeuka kabla hatujafika, utatusukuma maji makuu. Tulikuwa na makafi mawili. Wengine wakang'oa mbao za sakafu ya mashua ili wazitumie kama makafi.

Ndipo tukaona kilichokuwa chini ya mbao zile. Ubao mmoja karibu na mkuku ulikuwa umeoza kwa urefu wa mkono. Ulikuwa umefunikwa bati la debe lililogongomewa kwa misumari midogo, na pembeni mmeshindiliwa matambara na lami. Kwa kishindo cha mwamba bati lilikuwa limeanza kuachia, na maji yalikuwa yakiingia bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa.

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni hakusema neno. Alifungua leso yake ya pili, akaipasua vipande. Kijana akavishindilia penye ufa kwa mpini wa kisu, akavikandamiza kwa sabuni ya kufulia iliyokuwa katika kikapu cha mtu. Wengine wakachota maji kwa ndoo na sufuria. Tukapiga makafi. Nami nilipiga kafi, ndugu zangu, ingawa kwa ustadi wa mchungaji.

Tulipokuwa tukipiga makafi, yule mzee, akiwa amenipa mgongo, akaanza kusema. Alisema ubao ule aliujua tangu Krismasi. Alikuwa ameweka fedha za kununua ubao wa mvule na kumlipa fundi. Kisha ikaja harambee ya paa la kanisa. "Mchungaji," akasema, "siku ile ulisoma majina. Nisingeweza kusikia jina langu likisomwa chini ya majina ya vijana."

Nilikumbuka siku ile. Nilisoma majina mimi mwenyewe, kutoka kiasi kikubwa hadi kidogo, kwa sauti kubwa, nikingoja makofi baada ya kila jina. Jina lake lilikuwa la pili. Nilimsifu. Nilisema mbele ya mkutano wote kwamba huyu ni mtu asiyemnyima Mungu kitu.

Tulifika pwani usiku, saa mbili na nusu, tumelowa, wote wazima, na kuku mmoja. Upepo ulikuwa umegeuka tulipokuwa karibu kabisa na nchi, na hatua zile za mwisho zilikuwa ndefu kuliko safari yote.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilifungua Marko sura ya 7. Bwana Yesu anasema na watu waliokuwa wakitoa mali kwa Mungu, wakaiita Korbani, kumbe ni mali iliyowapasa kuwatunza baba na mama zao. Sadaka ilikuwa ya kweli, na fedha ilikuwa ya kweli. Lakini ililipwa na mtu mwingine asiyejua kwamba analipa. Paa letu lililipwa na yule mama mwenye leso na mtoto wake. Nami ndiye niliyesoma majina.

Nilipeleka neno hili kwa baraza la wazee wa kanisa. Nilitaka mzee arudishiwe fedha zake akanunue ubao. Tulibishana jioni mbili. Wengine walisema kilichokwisha kuwekwa madhabahuni hakirudi mfukoni. Wengine wakauliza kama tutang'oa mabati ya watu wote. Sitawaficha: nilishindwa. Fedha hazikurudishwa, na mpaka leo sina hakika kama nilishindwa kwa haki. Lakini tulikubaliana neno moja, kwamba majina ya watoaji hayatasomwa tena kwa kufuata ukubwa wa kiasi. Baadhi ya watu hawakupenda, na harambee iliyofuata ilipata kidogo.

Yule mzee hakungoja baraza. Jumapili iliyofuata alisimama akawaeleza watu habari ya ubao na ya msumari, akamwomba radhi yule mama kwa kumtazama usoni. Jambo hilo si jepesi kwa mtu wa umri wake mbele ya wajukuu.

Sasa nataka mtazame wana wa Zebedayo. Marko anasema Bwana aliwakuta chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Katika Kiyunani, neno hilo la kutengeneza nyavu ndilo Mtume Paulo analolitumia katika Wagalatia sura ya 6, anapotuagiza kumrejeza kwa upole ndugu aliyeghafilika katika kosa. Kumrejeza ndugu ni kama kutengeneza wavu.

Nendeni Dunga, au pwani yo yote, mkamtazame mshona nyavu. Akikuta tundu, hashoni mara moja. Kwanza huchukua kisu, akakata zaidi. Huondoa nyuzi zilizochakaa pembeni mpaka afike kwenye macho mazima, tundu likawa kubwa kuliko mwanzo. Mtu asiyejua atapiga kelele kwamba anaharibu wavu. Kisha ndipo hutia sindano, fundo kwa fundo, jicho kwa jicho.

Fundi wa mashua alifanya vivyo hivyo. Jumamosi moja vijana wa kanisa walikuja pwani na ubao wa mvule. Walichanga wao kwa wao, wala sikuuliza nani alitoa nini. Mzee akamwomba fundi akate sehemu iliyooza tu, kiasi cha mkono. Fundi akapiga-piga ubao kwa nyundo, akisikiliza, akasogea, akapiga tena. Akaweka alama mbali sana na pale tulipodhani. Alisema, "Mzee, hapa ndipo penye mti." Akakata mpaka pale. Kwa siku mbili mashua ilikaa juu ya magogo na tundu ambalo mtoto angeweza kupita, na kila aliyepita njia aliliona.

Yule mama alipewa leso mpya. Nasikia aliiweka sandukuni, akaendelea kuvaa iliyobaki. Na pini za akiba, laini kama zinavyotakiwa, zilifungwa ndani ya kopo chini ya kiti cha mwenye injini. Kijana ndiye aliyezihesabu kila asubuhi.

Na tuombe. Bwana, uwakumbuke walioko majini asubuhi hii, wanaorudi na taa zimezimika, na wenye mashua ambao chini ya sakafu yake yako wanayoyajua wao na wewe tu. Utusamehe sisi tuliosoma majina. Amina.